Kondoo wa Dresa

Kwamba dresa anakula kondoo, tulijua hata kabla hatujamwona dresa mwenyewe. Hakuna aliyetufundisha. Lilikuwa jambo linalojulikana tu, kama inavyojulikana kwamba fisi hula mbuzi. Ukienda kwake na kidonda na mikono mitupu, atakufunga kitambaa na kukurudisha nyumbani na kidonda chako. Ukienda na kuku, atakupa vidonge. Ile sindano nyeupe yenyewe, iliyokuwa ikisifiwa kila pembe ya Usukuma, hiyo ilikuwa na kondoo wake.

Kwa wasiojua mambo ya zamani, dresa alikuwa mtu wa serikali aliyefunga watu vidonda, akagawa dawa na kupiga sindano. Wa kwetu alikaa kwenye zahanati iliyokuwa karibu na makao ya mtemi. Kutoka kwetu Mwakitolyo ulitoka alfajiri, ukafika jua likiwa utosini. Siku hizo Mwakitolyo ilikuwa ng'ombe, mtama na miiba. Hayo mashimo ya dhahabu mnayoyasikia leo yalikuwa bado hayajachimbwa, na dhahabu tuliisikia kwa baba tu, aliyekuwa kibarua kwenye mgodi mmoja upande wa Geita.

Baba akija nyumbani alileta sukari, blanketi na habari za nyapara. Nyapara wake alikuwa anakula kweli, sitaki mtu aseme nawapaka watu wote mafuta. Baba alimpelekea majogoo kwa mkono wake mwenyewe ndipo akapata kazi, na akamwona akiwapapasa vifua kama wana mafuta. Kwa hiyo aliposema, "Nyapara na dresa ni tumbo moja," nani angembishia? Ila baba hakuwahi kufika kwa dresa. Hilo nilikuja kulifikiri nikiwa mtu mzima na wajukuu wangu.

Mimi nilikuwa na buba. Ilianza na kidonda kimoja gotini, chenye kichwa chekundu na majimaji, kikazaa wenzake mapajani na mikononi, mwisho ikashuka kwenye nyayo. Nilianza kutembea kwa ubavu wa mguu, kisha kwa magoti, kisha nikawa mtu wa kukaa mlangoni nikifukuza nzi. Pale kijijini alikuwepo mzee aliyekaa na buba tangu utoto bila dawa. Mifupa ya miundi yake ilikuwa imepinda kama upinde. Alikuwa mcheshi, anapenda watoto, lakini kila alipopita mama aligeuza uso, na mimi nilijua anaangalia nini kichwani mwake.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo yote yanayofuata yatakuwa upuuzi. Kwetu mganga hulipwa mgonjwa akishapata dawa, na hulipwa mnyama. Si kwa sababu mganga ni mchoyo. Ni kwa sababu dawa isiyolipwa haikai mwilini. Mnyama ndiye anayeifunga. Usipompeleka, au mbaya zaidi ukampeleka kisha ukamrudisha zizini kwako, ugonjwa unaijua njia ya kurudi, na safari hiyo unakuja na hasira. Mama yangu aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba mvua hutoka juu. Kwa hiyo watu walipomwambia dresa anataka kondoo, hakuona ajabu yoyote wala hakulalamika. Alisema tu, "Si mganga? Basi."

Tulikuwa na kondoo jike mmoja, mweusi, mwenye baka jeupe usoni, mkia umejaa mafuta. Mama alimfunga kamba, akaifunga ncha ya kamba kiunoni mwake, akanibeba mgongoni na ukubwa wangu wote, miguu inaning'inia, michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, kwenye kibuyu, tukaenda. Kila alipopumzika alinishusha polepole kwanza, ndipo akajishughulikia mwenyewe. Kondoo alikuwa akila majani ya njiani bila haraka, kama mtu anayekwenda harusini.

Zahanati ilinitisha kwa weupe wake. Ukuta umepakwa chokaa, bati linameta, na kila kitu kinanuka spiriti, harufu ambayo mpaka leo ikinipata nasimama wima. Watu walikuwa wamekaa kwenye mstari mrefu, wengi na kuku wamewafunga miguu. Dresa mwenyewe alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mwembamba, kofia yake ya viua imefuliwa ikafulika, Kiswahili kinamtoka kama maji. Mama alijua Kiswahili cha salamu na cha kununulia chumvi. Kati yao alisimama mzee mmoja mfagiaji, Msukuma mwenzetu, aliyekuwa akitafsiri huku ameegemea ufagio.

Zamu yetu ilipofika, dresa hakumwangalia kondoo. Alinigeuza, akaangalia nyayo zangu kwa muda mrefu, akasema kitu. Mzee akatafsiri, "Anasema mlichelewa kidogo, lakini hamkuchelewa sana."

Akavuta dawa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Nikalia kabla hajanigusa.

"Mwambie ahesabu ng'ombe wa baba yake," dresa alisema, na mzee akaniambia. Nikaanza kuhesabu kwa rangi zao, kama tulivyozoea, na nilikuwa bado sijamfikia yule mwekundu mwenye pembe moja, tayari ananishusha mezani.

Mama akafungua kamba kiunoni, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," alisema dresa. "Dawa ni ya serikali. Haina malipo. Rudi na kondoo wako."

Mzee alitafsiri sawasawa, nilisikia kwa masikio yangu. Mama akatabasamu. Alitabasamu tabasamu la mtu aliyeelewa. Kwetu mganga mwenye adabu hadaki mnyama mbele za watu. Anakataa kwanza, nawe unajua pa kumwacha. Akainuka, akasema "Wabeja", yaani ahsante, akanibeba, akazunguka nyuma ya zahanati hadi kwenye mgunga uliokuwa karibu na jiko la dresa. Hapo akamfunga kondoo, akamwacha kivulini, akaondoka kwa mwendo wa haraka wa wezi. Tofauti ni kwamba wezi hukimbia wakiwa wamebeba mali, sisi tulikimbia tukiwa tumeiacha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimeona mengi katika maisha yangu, nimeona ndege ikitua Ibadakuli na nimeona mtu akitoka ardhini na jiwe lenye dhahabu, lakini sijaona tena kitu kama kile. Vidonda vyangu vilikauka. Vilivyokuwa vimekaa mwilini mwangu misimu ya mvua na ya kiangazi, vikikataa mizizi, majivu na machozi, vilikauka mbele ya macho yetu ndani ya siku chache, magamba yakadondoka, na chini yake kulikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya waridi kwanza, kisha nyeusi. Mama alikuwa ananiweka juani, anapitisha kidole. Siku niliposimama na kutembea hadi kwenye kihenge cha mtama na kurudi, alikaa chini uani, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani nimemkosea.

"Kondoo amefanya kazi," alisema mwishowe.

Habari ilienea. Shangazi yangu, dada yake baba, hakuwa na roho mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Kila kisimani alisema, "Mtoto wa kaka kapona, ila kondoo kaliwa." Na waliokwenda zahanati walirudi na ushahidi. Walimwona kondoo wetu kwa macho yao, mweusi mwenye baka jeupe, kafungwa nyuma kwa dresa. Nani tena angebisha? Zamani ilikuwa maneno tu. Sasa kulikuwa na kondoo mwenyewe, anayetambulika na kijiji kizima.

Baadaye ukaja ujumbe. Mtu aliyetoka huko alimwambia mama kwamba dresa anamwita kwa habari ya kondoo. Ilikuwa hivyo tu, anamwita kwa habari ya kondoo. Jioni ile watu walijaa uani kwetu kuutafakari ujumbe huo, na wote walikubaliana. Dresa anataka wa pili.

"Si nilisema?" shangazi aliuliza. "Mkono ukishaonja haurudi nyuma."

"Nitampata wapi wa pili?" mama alisema.

"Basi usiende. Mtoto kapona. Atafanya nini?"

Ujumbe ulikuja tena, na tena, na hatukwenda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mjane mmoja kijana, ambaye ukweni walimwachia shamba, jembe na mtoto wa kike. Mtoto yule ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kucheza, na alikuwa na buba kama mimi. Tulianza kuugua karibu pamoja. Nilipokuwa sasa nakimbia na kuchuma matunda ya porini, yeye alikaa mlangoni kwao kwenye nafasi yangu ya zamani, akifukuza nzi, na nilikuwa nampelekea matunda nikiwa na aibu ya kuwa na miguu.

Asubuhi moja mama yake alikuja. Alipiga magoti mlangoni, akamwamkia mama, akainamisha kichwa hadi mama akamwuliza kama kuna msiba.

"Mayu," alisema, na neno hilo kwetu ni mama, "nimekuja kuomba kondoo. Nikopeshe tu. Nitalima kwako mpaka useme basi. Miundi ya mtoto imeanza kupinda."

Mama alikaa. Akamwuliza, "Ulikwenda kwa dresa ukafukuzwa?"

"Sijaenda. Niende na nini?"

"Yeye amekuomba kondoo?"

"Mimi? Hapana. Lakini si kila mtu anajua? Na wa kwako si yuko pale?"

Nakumbuka mama aliuangalia mwiko aliokuwa ameshika kama vile hajui ni wa kazi gani. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuona. Muda wote ambao mtoto yule alikuwa anafukuza nzi mlangoni, kilichomzuia hakikuwa dresa. Kilikuwa kondoo wetu.

"Sina mwingine," alisema. "Lakini twende. Nitamwomba akukubalie, nami nitamlipa nikipata. Ananiita hata hivyo."

Mjane alimbeba mtoto wake mgongoni. Mimi nilitembea mwenyewe, mbele, njia ile ile niliyobebwa. Nilijiona mtemi.

Tulipofika, mama hakwenda kwenye mstari. Alizunguka nyuma, kwenye mgunga, nasi tukamfuata, na pale tukasimama wote. Kondoo wetu alikuwepo. Hakuwa ameliwa hata sikio. Alikuwa amenenepa, amewekewa maji kwenye karai la zahanati, na kando yake alisimama mwanakondoo mweusi mwenye baka jeupe usoni, anatikisa mkia.

Dresa alitoka akiwa bado ameshika bomba la sindano. Alipomtambua mama, nilidhani ataruka. Alisema maneno mengi kwa kasi, na mzee mfagiaji alikimbilia huko na ufagio wake kuyafuata.

"Anasema, mama, kwa nini unamfanyia hivi? Amekuita, umekataa. Anamkatia majani mnyama wako kila siku kama kijakazi. Anasema hawezi kumchinja, si wake. Hawezi kumwachia, fisi watamla, utasema kamla yeye." Mzee akavuta pumzi. "Na anasema watu wakimwona kondoo huyu wanaogopa. Wasio na mnyama hawaji tena. Kuku wenyewe anawarudisha kila siku, na kila siku wanaachwa nyuma ya choo. Anasema anaomba, mchukue mbele za watu, waone."

Mama alinigeukia. Aliniangalia miguu.

Ninasimulia haya nikiwa mzee, na bado ulimi wangu unasita hapa. Watu wakisikia hadithi hii hufurahi kwamba dresa alikuwa mwema, na alikuwa mwema kweli, Mungu amrehemu. Lakini mimi kilichonishangaza maisha yangu yote ni mama. Yeye hakuwa akirudishiwa kondoo. Alikuwa akiambiwa aifungue dawa iliyokuwa miguuni mwangu.

"Mwulize," alimwambia mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nikimchukua, ugonjwa hautarudi?"

Dresa alipotafsiriwa alishangaa. "Kondoo na buba wapi na wapi? Mwambie dawa imeshaua ugonjwa. Kondoo hana kazi yoyote."

Mzee alitafsiri. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, lakini mimi niliyekuwa namjua nilijua kwamba hakuamini. Alimwona dresa kuwa mtu mwema wa Tabora asiyejua mambo. Alimgeukia mjane, aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni, miguu iliyopinda inaning'inia. Kisha aliniangalia tena mimi, kuanzia nyayo hadi magoti, kama mtu anayeagana na kitu.

Akafungua kamba.

Alimvuta kondoo hadi mbele, kwenye mstari wa watu, mwanakondoo nyuma yake, akasimama katikati ya uwanja. Mama yangu alikuwa mtu wa haya, hata mazishini hakupaza sauti. Siku ile alisema kwa Kisukuma mpaka wa mwisho kwenye mstari akasikia:

"Huyu ni kondoo wangu. Nilimwacha mimi. Sikuombwa. Hakumla. Mtoto wangu yule pale amepona, na kondoo wangu ninaondoka naye. Mwenye mgonjwa amlete na mikono mitupu."

Watu walimkodolea macho. Akamsukuma mjane begani, akasema, "Ingia." Mjane akaingia akiwa ameshika mtoto tu. Kutoka ndani tulisikia dresa akisema, "Mwambie ahesabu ng'ombe," na mzee akajibu kwamba huyu hana ng'ombe, na dresa akasema basi ahesabu wa jirani.

Mwenzangu yule aliacha kufukuza nzi kabla ya mavuno. Miundi yake ilibaki na mpindo kidogo, wa kuonekana akisimama juani, lakini alitembea, akacheza ngoma, akaolewa upande wa Kahama na kuzaa watoto wenye mbio.

Na watu? Ah, watu. Wengi walianza kwenda mikono mitupu, hilo sikatai. Lakini kisimani kulikuwa na habari mpya. Kondoo alikwenda mmoja, wamerudi wawili, kwa nini? Shangazi alilijua jibu kabla ya wote. Dresa alishtuka kusikia mama anataka kwenda kumshtaki kwa mtemi, akampa mwanakondoo amfunge mdomo. Nilimsikia akilisema hilo uani kwetu, mwanakondoo mwenyewe akimlamba mkono, na mama akiendelea kupepeta mtama wake.

Tulirudi siku ile jua likishuka. Mama hakunibeba wala hakunishika mkono. Aliniambia nitangulie, nikatangulia, na kila nilipogeuka nilimkuta hamwangalii kondoo wala njia. Alikuwa anaangalia miguu yangu.

Hakuacha tena. Kila asubuhi nilipomwambia shikamoo aliinama kwanza, akapitisha kiganja kwenye miundi yangu yote miwili, ndipo akasema marahaba. Alifanya hivyo nikiwa mtoto, akafanya asubuhi ya harusi yangu mbele ya mawifi, wakacheka. Nilipokua nilimweleza, kwa upole na pengine kwa kiburi cha shule kidogo, kwamba dawa ile haikuwa na deni lolote. Alinijibu, "Ndiyo, mwanangu," na kesho yake akainama tena.

Mwisho macho yalimwisha. Nilikwenda kumwuguza, mimi mwenyewe nikiwa na mvi, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwamkia. Hakuitika. Aliutoa mkono chini ya blanketi, akapapasa hewani mpaka akaipata miguu yangu, akaupitisha polepole, huu kisha ule, kutoka gotini hadi kwenye kifundo.

"Marahaba," alisema.